Kitakaa Nyumbani au Kitatembea

Ayoub wa Darajani ana swali moja analomuuliza kila mteja anayetaka tableti, awe mwalimu, awe mpiga picha wa harusi, awe bibi wa watu kutoka shamba. Chombo hiki kitakaa nyumbani au kitatembea? Ukimwambia kitakaa nyumbani, penye waifai, atakupa ile isiyo na mahali pa kutia laini na atakukataza kutupa pesa zako bure. Ukimwambia kitatembea, atakuletea nyingine ya sura ile ile, ila ubavuni ina kitundu cha laini yake yenyewe, na bei yake imepanda kidogo. Ni swali zuri la mtu mwaminifu, na waaminifu Darajani wana hesabu. Siku ile alikosea jambo moja tu: alimuuliza mtu siye.

Bi Mwanapili alikuwa amekaa pale pale, kwenye kiti cha plastiki alicholetewa kwa heshima zote, mkoba mapajani. Chombo kilikuwa chake yeye. Lakini Ayoub alimtazama Muhiddin, mwanawe, kwa kuwa Muhiddin ndiye aliyesimama na pochi mkononi, na Muhiddin akajibu bila ya kugeuza shingo.

"Hiki hakitoki nje. Mama yuko kwangu, na waifai iko kwangu. Laini ya nini?"

Sikio la kulia la Bi Mwanapili lilikufa zamani, na la kushoto linasikia kama mtu aliyezama. Macho ndiyo masikio yake. Anasoma midomo ya watu, na mdomo wa Muhiddin anaujua tangu haujaota jino. Alilisoma kila neno. Hakumsahihisha, maana kumvunjia mtoto heshima mbele ya mwenye duka hakufunzwa kwao. Lakini lile "hakitoki nje" alilitia mkobani pamoja na kile chombo, akaenda nalo mpaka Amani.

Huko Amani ndiko alikokuwa akikaa, nyumbani kwa mwanawe, na mwenyewe hakumbuki siku aliyokubali kukaa. Mumewe alipofariki alimaliza eda yake katika nyumba yake mwenyewe, Makunduchi, bila ya tatizo. Kisha masika yakaja, na alfajiri moja akateleza kwenye kidaraja cha choo, akalala pale chini mpaka karibu na adhuhuri, Sichana, jirani yake, alipopita kuomba moto. Mfupa haukuvunjika. Kilichovunjika ni moyo wa Muhiddin. Alikuja na gari jioni ile ile, akamchukua mama yake akapumzike siku mbili tatu. Siku mbili tatu zikawa miezi saba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wamesema wazee. Bi Mwanapili jembe hakupewa. Hata kikombe chake cha chai hakuachiwa akakioshe. Nusrat, mke wa Muhiddin, alikuwa mtoto mwema kweli kweli, anampikia uji wa mtama, anamwekea mto mgongoni, anamfungulia televisheni ambayo yeye haisikii. Tabu ya nyumba ile ilikuwa kwamba haikuwa na tabu. Mwanamke aliyelima mwani miaka thalathini na mbili, kila bamvua maji yakitoka naye yumo, vigingi begani na kamba kiunoni, alikuwa sasa anakaa sebuleni kama mtungi wa maua.

Ndipo ikaja hiyo tableti. Wasomi wanaiita kishikwambi. Bi Mwanapili aliiita kioo, na hakuna aliyemshinda. Simu ya kawaida kwake ni ngurumo tu, hajui nani anasema wala anasema nini. Simu ya Nusrat ya picha waliijaribu, lakini uso wa mtu mle ulikuwa mdogo, mdomo hausomeki. Kioo kilijaa uso mzima. Siku ya kwanza alipowashiwa, walimtokea Sichana na Radhiya wamekaa kitandani kwa Radhiya, Makunduchi, mjukuu wa Radhiya ameshika simu mbele yao, na midomo yao ikasomeka wazi kama maandishi ya msahafu wa chapa kubwa. Watatu hao walikuwa na mashamba ya mwani yaliyopakana, kamba kwa kamba. Bi Mwanapili alilia, kisha akamwambia Radhiya kwamba ugonjwa umemrembesha, na Radhiya, kifua kinambana, akacheka mpaka akakohoa.

Basi kioo kikawa sikio lake. Lakini ni sikio ambalo ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa mtu. Umeme ukikatika, kile kisanduku cha waifai ukutani kinafumba jicho, na kioo kinabaki kinazungusha kiduara. Bando likiisha, Muhiddin ndiye wa kulipia, kwa simu yake, na namba ya siri anaijua yeye. Akiulizwa, jibu lake ni moja, mama asubiri, akirudi kazini atamwashia hotspoti. Naye ni msimamizi wa ujenzi, hurudi baada ya isha. Saa hiyo Radhiya keshalala.

Siku moja baada ya chakula Bi Mwanapili alilitoa lililokuwa moyoni. Akamweleza mwanawe taratibu, kama mtu aliyekwisha kulipima. Kioo kikiwa na laini yake, yeye anaweza kurudi kwake. Asubuhi na jioni watatazamana. Siku asiyomwona, ampigie Sichana, Sichana yuko hatua arubaini kutoka mlangoni. Muhiddin alisikiliza mpaka mwisho. Alitabasamu vile vile alivyokuwa akitabasamu baba yake akikataa jambo.

"Mama, laini ya nini na wewe uko hapa?"

"Na nikiwa kule?"

"Ndiyo maana nnakwambia uko hapa."

Nusrat aliinamia sahani yake. Bi Mwanapili alinawa mikono akaenda chumbani, na usiku ule ndio alioanza kuhesabu siku zilizobaki mpaka Mwaka, ile sikukuu ya Makunduchi.

Lakini kabla ya Mwaka kulikuja Pemba. Muhiddin alipelekwa huko kusimamia jengo, siku tano, na siku ya pili bando likaisha. Nusrat alihangaika na kile kisanduku, akakizima, akakiwasha, akakipangusa vumbi kama mtoto mwenye mafua. Hakikuwa na haja ya kupanguswa, kilikuwa na haja ya Muhiddin. Bi Mwanapili akakaa na kiduara chake kinachozunguka, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

Muhiddin alirudi Ijumaa jioni, kisanduku kikawashwa, na ujumbe ukaanza kumiminika. Sichana alimtafuta mara kumi na moja. Chini kabisa palikuwa na maandishi ya yule mjukuu. Bibi yake, Radhiya, alifariki Jumanne asubuhi. Alizikwa baada ya alasiri siku hiyo hiyo. Hitima ilisomwa Alhamisi na msiba ukavunjwa.

Aliyasoma mara mbili. Kisha akainua macho, akamwona Muhiddin amesimama mlangoni na mkoba wake wa safari bado begani, na sura ya mwanawe ikamwambia kwamba hiyo si habari ngeni kwake. Sichana alipomkosa mama alimpigia mtoto. Muhiddin alijua tangu Jumanne.

Alimpigia magoti. Alieleza kwamba aliogopa, kwamba alimjua mama yake, angetoka mbio peke yake na kanga moja, angeanguka njiani, na yeye yuko ng'ambo ya maji. Alitaka aje amwambie mwenyewe, kwa utulivu. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hayakuwa ya uongo.

"Msiba ulikuwa wangu, Muhiddin," akamwambia. "Umenifungia hata kilio changu."

Muhiddin akamwomba msamaha, akambusu mkono, na mama alimsamehe. Mama hana pa kuupeleka moyo wake. Lakini kusamehe ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine, na Bi Mwanapili hakuwa mtu wa kuyachanganya.

Jumatatu yake, Muhiddin alipokwenda kazini, alivaa baibui lake, akakitia kioo ndani ya kisanduku chake cha dukani, akamwambia Nusrat anakwenda Darajani. Nusrat alimtazama, akatazama kile kisanduku, akaingia ndani. Alirudi na mwavuli, akampa. Hakumuuliza kitu, na kwa hilo Bi Mwanapili alimwombea dua njia nzima.

Ayoub alimkumbuka. Alimwamkia, akamletea kiti kile kile. Bi Mwanapili hakukaa. Alikiweka kisanduku juu ya meza, akamwambia amtazame usoni akisema, na aseme taratibu.

"Siku ile ulimuuliza mwanangu. Leo niulize mimi."

Ayoub hakufahamu mara moja. Kisha akafahamu, na ilionekana kwamba ameona haya, maana alijipangusa uso kwa kiganja kabla ya kuuliza.

"Bi mkubwa, chombo hiki kitakaa nyumbani au kitatembea?"

"Kitatembea."

Hapakuwa na mengi tena. Ayoub aliirudisha ile, akatoa yenye kitundu, na tofauti ya bei Bi Mwanapili aliilipa kwa pesa za mikeka yake, alizozifunga kwenye pindo la kanga tangu hajaondoka kwake. Kilichobaki kilikuwa laini, na laini husajiliwa kwa kidole.

Msajili alikuwa mwanamke wa makamo, Salhiya, mwenye kimeza chake pembeni mwa duka na kimashine cha kusomea alama za vidole. Alikipokea kitambulisho, akamwomba dole gumba. Kimashine kikakataa. Akamwomba aliweke tena, kikakataa. Salhiya alimfuta vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akamfuta tena. Kidole cha shahada, hapana. Cha kati, hapana. Miaka thalathini na mbili ya chumvi na kamba, na jioni za kusuka ukili wa mikeka juu yake, zilikuwa zimevisugua vidole vile vikawa laini kama kaure. Ukivitazama hata mstari huuoni. Vidole vyote vya mkono wa kulia vikakwisha. Ukaja wa kushoto, gumba, shahada, kati, pete. Watu wawili walikuwa nyuma wanangoja zamu yao, na mmoja akaanza kukohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Salhiya alimshika mkono kwa huruma. Akamwambia vidole vya wakulima wa mwani vinasumbua sana, na jambo lenyewe ni jepesi, amlete mwanawe, isajiliwe kwa jina lake, laini itafanya kazi vile vile.

"Basi itakuwa laini yake," alisema Bi Mwanapili. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Kimebaki kidole kimoja."

Salhiya alicheka kwa kulisikia neno lile kinywani mwa bibi wa heshima. Akakichukua kile kidole cha mwisho, kidogo cha kushoto, ambacho katika kufunga mwani hakina kazi, hukaa pembeni tu kikitazama wenzake. Akakiweka. Kimashine kikawaka kijani, na jina likatokea juu yake, lake na la baba yake na la babu yake. Bi Mwanapili aliomba aoneshwe tena.

Siku ya Mwaka walikwenda Makunduchi wote watatu kwa gari la Muhiddin, kama kila mtu wa Makunduchi anavyokwenda kwao siku ile, hata awe na cheo gani mjini. Shauri la Muhiddin lilikuwa kwenda na kurudi. Alikuwa ameshasema tangu asubuhi kwamba magharibi wawe barabarani, na Bi Mwanapili aliitikia kwa kichwa. Kioo alikuwa nacho mkobani. Mwanawe alidhani ni kile kile cha siku zote, kisichotoka nje.

Mwenye kuujua Mwaka anajua kuwa ule uwanja una sheria yake. Wanaume wa Kusini na wa Kaskazini hupigana kwa magomba ya migomba, na mwenye kinyongo na mwenzake cha mwaka mzima hukimalizia pale, akitoka pale kimekwisha. Wanawake magomba hawashiki. Wao huuzunguka uwanja kwa nguo zao mpya, wakiimba yale waliyoyaweka moyoni tangu Mwaka uliopita, na aliyeimbwa haruhusiwi kukasirika. Akiweza ajibu. Asipoweza, atie kichwa maji anyolewe. Tatizo la neno lililoimbwa pale ni kwamba wamelisikia watu wote, kwa hiyo kulisahau nako huwezi.

Bi Mwanapili zamani alikuwa sauti ya uwanja ule. Tangu masikio yamwache alikuwa akitembea na wenzake kimya, mdomo anauchezesha tu. Siku ile alimshika Sichana mkono, akamwambia amkanyagie mapigo kwa mguu ili ayaone. Sichana alimtazama, akaona kuna jambo, akaanza kukanyaga. Wakazunguka mara moja. Mara ya pili, walipofika mbele ya wanaume wa Kusini, pale Muhiddin aliposimama anahema, gomba mkononi na shati limechanika, Bi Mwanapili aliyatazama macho yake, akafungua kinywa.

*Kanipa kioo changu, hakina mlango wake,*
*Niseme na ndugu zangu, hungoja yeye afike;*
*Nimezaa kwa uchungu, leo ni mtoto wake,*
*Mwaka nauanza kwangu, atakaye anishike.*

Hakujisikia mwenyewe. Hakujua kama sauti imetoka nzuri au imetoka kama mlango unaokwaruza. Aliona tu mguu wa Sichana umesita, kisha ukarudi kwa nguvu, na midomo ya wanawake wote mbele na nyuma yake ikaanza kuyarudia maneno yale. Kila mwenye mtoto aliyaona maneno hayo ni yake. Waliyachukua wakayazungusha uwanja mzima. Wanaume wa Kaskazini walikuwa wanacheka, na mmoja wao alimpiga Muhiddin gomba la mgongo kwa furaha tu, naye hata hakugeuka.

Hapo Bi Mwanapili akakitoa kioo mkobani, akagusa jina la mwanawe.

Uwanjani pale hapana kisanduku ukutani, wala ukuta wenyewe. Muhiddin alihisi simu inatetemeka mfukoni. Aliitoa, akaona uso wa mama yake umejaa, akaitazama simu, akamtazama mama mwenyewe hatua thelathini mbele yake, akairudia simu. Akaiweka sikioni, na kwa zogo lile hakusikia kitu. Aliitoa, akaiziba kwa kiganja, akairudisha, wapi. Ikambidi afanye ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Akausogeza ule uso karibu, akautazama mdomo.

Bi Mwanapili alisema taratibu, kama alivyozoea kuwaomba watu wamsemeshe yeye.

"Sirudi mjini."

Akamwona mwanawe anayasoma, moja moja. Kisha mdomo wa Muhiddin ukauliza laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani.

"Langu. Kwa kidole changu."

Kukasirika hawezi, uwanja haumruhusu, na pengine hakutaka. Aliangalia chini, akaangusha gomba. Alipokuja kumkumbatia alikuwa ananuka maji ya mgomba na jasho, na Bi Mwanapili alimwacha amkumbatie muda mrefu, maana alikuwa mwanawe na alikuwa ameshindwa vizuri.

Magharibi hawakuwa barabarani. Muhiddin alikuwa kwenye choo cha uani, suruali ameikunja, anakoroga saruji na mchanga aliouazima kwa jirani. Kile kidaraja alichoangukia mama yake alikikwaruza kwa mwiko mpaka kikawa kama ganda la tunda la shelisheli, asiteleze hata nzi. Nusrat alimmulikia taa. Hakusema zaidi ya kumwonya mama asikikanyage mpaka kesho kutwa, na alimwonya mara tatu kabla ya kurudi mjini na mkewe usiku ule.

Asubuhi yake, jua limetoka sawasawa, kioo kikawaka na kutetemeka ndani ya mkoba. Alikuwa Muhiddin, yuko Amani, ameshavaa nguo za kazi. Alimwamkia mama yake, akauliza amelalaje, amekula nini. Kisha macho yake yakaanza kumtafuta nyuma ya bega, maana hakuziona kuta za nyumbani.

"Mbona sioni nyumba? Uko wapi, mama?"

Bi Mwanapili alikuwa amekaa barazani kwa Radhiya. Alikuwa amekuja kuhani, akiwa amechelewa, na Sichana alikuwa kando yake na mjukuu wa marehemu ndani anachemsha chai. Alikigeuza kioo taratibu, mwanawe auone mlango wa Radhiya uliokuwa wazi, na njia ya kwenda pwani, na wanawake wanaoteremka na kamba zao. Kisha akakirudisha usoni pake.

"Niko nje," akamwambia.